Weka na ya kutolea: bei ya mwandishi anayeanza

Ujumbe uliingia saa nane mchana kwenye simu ya binti mmoja aliyemaliza chuo pale Malimbe, Mwanza, na kuamua kuishi kwa kuandika: "Habari za mchana mdogo wangu. Tunahitaji hadithi tano za wanufaika wa mradi wetu wa Ukerewe, kila moja maneno 600, na picha. Nitumie bei yako kabla ya saa kumi, bosi anasafiri."

Jibu halikuchelewa: "Shikamoo dada. Nyinyi tu mtakavyoona inafaa."

Wakaona inafaa laki moja na nusu.

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Lina ndugu zake wengi: "chochote mtakachonipa", "tutaelewana tu", "mimi sina neno". Yote yana adabu. Mtu aliyelelewa vizuri hakimbilii kutaja kiasi mbele ya mkubwa wake. Lakini huyo dada hakuwa anampima adabu. Alitaka namba ya kupeleka kwa mhasibu kabla ya saa kumi, na alipoikosa akaweka ya kwake, ile iliyobaki kwenye bajeti.

Nikizitazama kazi za namna hii, naona pesa haipotelei kwenye tarakimu yenyewe. Inapotelea kwenye vitu ambavyo hakuna aliyevitaja.

## Kuna nini ndani ya hadithi tano

Tuifungue kazi hiyo ya Ukerewe.

Kupanga miadi kwa simu na afisa wa mradi na wanufaika: saa 2. Meli ya kwenda Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe, inakula muda wa saa tatu hivi. Ongeza saa moja ya kuwahi bandarini na kungoja. Kwenda na kurudi, saa 8. Siku nzima ya mahojiano, bodaboda kutoka kijiji hadi kijiji, saa 8 nyingine. Hapo hajaandika hata sentensi moja.

Sasa rekodi. Mahojiano matano ya dakika 40 ni dakika 200 za sauti. Kuigeuza sauti kuwa maandishi huchukua mara tatu hadi nne ya urefu wake, kwa hiyo saa 10 hadi 13. Tuweke 12. Na hapo tumechukulia kwamba kila mtu amezungumza Kiswahili mwanzo mwisho. Bibi anayekausha dagaa kisiwani anaweza kukujibu kwa Kiswahili safi mpaka mfike penye jambo linalomuuma, halafu akahamia Kikerewe au Kijita. Hapo ndipo hadithi ilipo. Unahitaji mkalimani, mkalimani anahitaji posho, na mahojiano ya dakika 40 yanageuka ya saa moja na robo.

Kuandika, saa 3 kwa kila hadithi: 15. Kuchagua picha, kuziandikia maelezo na kufanya marekebisho: 5.

Jumla, saa 50.

Laki moja na nusu kwa saa 50 ni 3,000 kwa saa. Ila waliposema laki na nusu walimaanisha kila kitu humo humo. Tuseme meli, gesti, bodaboda, chakula na vocha vimekula 80,000. Zimebaki 70,000, yaani 1,400 kwa saa.

Ingekuwa Sengerema, hesabu ingekuwa nyingine. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilometa 3 za maji zinavukwa kwa dakika chache, na saa za kungoja kivuko zimeondoka. Ziondoe na kwenye kadirio lako. Mteja anaijua barabara kama unavyoijua wewe, na akikukuta unamtoza foleni ya kivuko ambayo haipo, hataamini hata saa zako za kweli.

## Bei ya chini kabisa

Kabla ya kumtajia mtu bei, jua kiasi ambacho ukishuka chini yake ni afadhali ubaki nyumbani usome. Kinatafutwa kwa karatasi na kalamu, haichukui hata nusu saa.

Mchukue mtu anayeishi Nyegezi au Buzuruga, hana mtoto. Kwa mwezi: chumba 70,000, chakula 200,000, bando 50,000, nauli 50,000, umeme na maji 25,000, cha kutuma nyumbani 60,000, akiba ya ugonjwa na dharura 50,000. Laptop ya 900,000 itakayodumu miaka 3 ni 25,000 kwa mwezi. Jumla 530,000. Tarakimu ni za mfano. Weka zako, na usizipunguze ili karatasi ipendeze. Cha kutuma nyumbani ndicho wengi huruka, kisha ndicho kinachowavuruga.

Kwa mwaka hiyo ni 6,360,000. Lakini miezi yote 12 haitakuwa na kazi. Desemba watu wamesafiri, Januari ofisi zinaamka taratibu, na kuna mwezi utakaokauka tu bila sababu. Anayeanza ahesabu miezi 9. Gawa: kama 707,000 kwa kila mwezi wenye kazi.

Halafu saa. Siku 22 kwa saa 8 ni saa 176, na hapa ndipo watu wanapojikata mguu: wanagawa kwa 176 na kupata bei ya 4,000. Hakuna anayeuza saa 176. Nusu yake inaishia kutafuta kazi, kujibu ujumbe, kupeleka ankara mjini, kungoja umeme urudi. Zinabaki 88. Ukigawa 707,000 kwa 88 unapata 8,000 na chenji kidogo.

Kwa hiyo hadithi za Ukerewe ni 400,000, na safari inalipwa kando. Makala ya tovuti ya maneno 800, yenye saa 2 za kusoma na kupiga simu, 3 za kuandika, 1 ya kuhariri na 1 ya marekebisho, ni 56,000.

## Hapa ndipo hesabu inapokwama

Mteja hanunui kodi ya chumba chako.

Hoteli ya Capri Point inayotaka maelezo ya vyumba vyake haijali unalala wapi. Hesabu ya juu inakuambia kazi ipi uikatae. Haikuambii kazi inauzwa bei gani.

Na kuna shaka kubwa zaidi, ambayo nimeizungusha sana kabla ya kuamua. Anayeanza ni mzito. Makala ambayo mzoefu anaimaliza kwa saa 7, yeye inamchukua 14. Amtoze mteja 112,000 kwa sababu bado anajifunza?

Naona hapana. Bei itajwe kwa kazi, kwa saa ambazo mwandishi wa kawaida angetumia, na zinazozidi azibebe mwenyewe kama ada ya shule. Lakini aziandike. Daftari moja: tarehe, kazi, saa za kila hatua. Baada ya kazi kadhaa za aina moja daftari hilo linaanza kutoa siri. Mara nyingi utakuta kuandika kwenyewe hakujachukua muda. Uliopotea ni ule wa kuanza kuandika kabla taarifa hazijakamilika, kisha kubomoa na kujenga upya.

Ndiyo maana bei ya saa ibaki kwako. Mteja akisikia 8,000 kwa saa, swali lake linalofuata ni kwa nini saa 7 na si 4, na hapo mnajadili mwendo wako badala ya kazi yake.

Upande wa juu, kinachopandisha bei ni uzito wa kosa. Kiwanda cha minofu ya sangara kinachotafuta wanunuzi Ulaya hakiwezi kuwa na tovuti inayodai kiwango ambacho hakina. Kila sentensi ya kitaalamu lazima ipitie kwa ofisa wa ubora, wewe ukae ukingoja, ubadilishe, urudishe. Maneno 800 yaleyale ya duka la vyombo Makoroboi hayana mlolongo huo. Kuwatoza sawa ni kumpunja mmoja wao, au kujipunja mwenyewe.

## Kwa neno, kwa ukurasa, kwa kazi

Tafsiri itozwe kwa neno, na maneno yahesabiwe kwenye matini ya mteja, ile unayoletewa. Idadi yake inajulikana kabla hujaanza, na hakuna atakayekushuku kwamba umerefusha. Zaidi ya hapo, Kiingereza cha maneno 1,000 kwa kawaida hutoka kikiwa kifupi kwa Kiswahili, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja hubeba mengi. Ukihesabu ulichoandika wewe, unajikata bila kisu.

Uhariri hutozwa kwa ukurasa, na ukurasa ni maneno 250. Litaje hilo kwa maandishi. Kuna miswada inayoletwa kwa herufi ndogo, mistari imebanana, na "kurasa 40" zake ukizifungua ni 100. Omba kurasa tatu kabla ya kutaja bei, na angalau mbili zitoke katikati, maana sura ya kwanza kila mtu ameshaipiga pasi. Zihariri kwa saa mkononi. Zikikuchukua dakika 36, ukurasa ni dakika 12. Mswada wa kurasa 80 ni saa 16, na bei yake ya chini ni 128,000.

Makala, hadithi za mradi, vipeperushi, hotuba: kwa kazi.

Mwanachuo akija na "niandikie tasnifu", mharirie lugha tu. Kumwandikia hakuna bei.

## Ujumbe ambao ungetosha

"Shikamoo dada, asante kwa kunifikiria. Kwa hadithi 5 za maneno 600, mahojiano Ukerewe, na picha 10:

Uandishi na picha: 420,000, kodi ya zuio ikiwemo.

Safari (meli, malazi usiku 2, usafiri wa kisiwani, chakula): 80,000 kabla ya kuondoka, risiti nitaleta. Mkalimani akihitajika, posho yake iwe upande wenu.

Marekebisho: mara 2, maoni yote yawe kwenye faili moja.

Malipo: nusu kabla ya safari, nusu ndani ya siku 7 baada ya kupokea rasimu ya kwanza.

Bei hii ni ya siku 14."

Shikamoo imebaki palepale. Dada hajakosewa heshima hata kidogo, na sasa ana kitu cha kupeleka kwa bosi kabla hajapanda ndege.

Zile 20,000 zilizoongezeka juu ya 400,000 ni za kodi ya zuio, ambayo mteja huikata kabla ya kukulipa; hesabu yake iko mbele, kwenye makato.

Tazama mstari wa malipo. Umeandikwa "rasimu ya kwanza", haukuandikwa "kazi ikipitishwa". Kazi hupitishwa na mtu ambaye yuko Dodoma kwenye semina, kisha likizo, kisha amehamishwa. Rasimu ina tarehe, na barua pepe inayoonyesha umeituma.

Mstari wa maoni nao una kisa. Shirika lenye watu watano wenye sauti litakuletea maoni matano kwa siku tano tofauti: mmoja anataka hadithi ifupishwe, mwingine anauliza mbona ni fupi. Faili moja maana yake wagombane wenyewe kwanza, wewe ukute uamuzi. Na wakitaka kubadilisha mnufaika baada ya rasimu, hiyo ni hadithi ya sita.

Siku 14 zipo kwa sababu kuna anayerudi na bei yako baada ya miezi minne kana kwamba nauli zilimngoja.

## "Punguza kidogo, mdogo wangu"

Atasema. Mwanza hakuna bei isiyoombewa kupunguzwa, na kuomba punguzo si dharau. Kosa ni kushusha tarakimu huku kazi imebaki ileile. Umeshamwambia kwamba ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha.

Punguza kazi. Hadithi tatu badala ya tano: miadi na safari ni zilezile saa 10, mahojiano 6, kugeuza sauti kuwa maandishi 7, kuandika 9, marekebisho 3. Saa 35, ambazo ni 280,000, na ukiweka zuio unataja 295,000. Atakuuliza mbona haikushuka hadi 252,000, ambazo ndizo tatu ya tano za 420,000. Mwambie ukweli: meli haitozi kwa idadi ya hadithi.

Au mwondolee safari kabisa. Mahojiano ya simu, picha zipigwe na afisa aliyeko kisiwani. Zinatoka saa 8 za njiani na zile 80,000 zote. Hadithi zitapoa kidogo, na hilo mwambie kabla.

"Tukikupa hii zinakuja nyingine nyingi" lina jibu jepesi: punguzo liwe kwenye kazi ya tatu. Ikifika, atalipata. Anayekutaka uandike makala nzima ya majaribio bure, mpelekee sampuli uliyoiandika mwenyewe. Huna? Ziandike tatu wiki hii. Nenda Mwaloni Kirumba uulize dagaa waliokaushwa kwenye vichanja wanauzwaje wakilinganishwa na walioanikwa mchangani, na kwa nini. Makala hiyo itakutafutia wateja kwa miaka.

## Andiko la mkopo

Kazi nyingi za waandishi wanaoanza huku hazitoki kwenye mashirika. Zinatoka kwenye vikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na kurejea 2024, na kikundi kinachoomba kinahitaji katiba, muhtasari wa kikao na andiko la mradi.

Wanaanzia stationery, ambako kuchapa ni bei ya ukurasa. Kisha mwenyekiti anagundua kwamba hana cha kuchapwa. Anakuja kwako na bei ya kuchapa kichwani.

Tenganisha mambo mawili mbele yake. Kuchapa ni kuchapa. Andiko la ufugaji wa samaki kwenye vizimba ni kukaa na wanakikundi mkahesabu kizimba, vifaranga, chakula cha samaki, mlinzi, mtumbwi, muda mpaka kuvuna na marejesho ya kila mwezi. Chakula cha samaki ndicho wanachokikadiria chini karibu kila mara, kwa kuwa ni pesa inayotoka kidogo kidogo, na ndicho kinachokula sehemu kubwa ya mtaji. Ukikosea hapo, mkopo unaisha samaki wakiwa bado wadogo na wanachama wanabaki na deni.

Watakuambia: "Mwanangu, mkopo ukitoka tutakukumbuka." Au watakuahidi asilimia. Kataa vyote viwili. Hutoi wewe mkopo, huwezi kuuharakisha, na ile pesa ina marejesho. Ukiingiza mkono humo umewapunguzia mtaji ulioukadiria mwenyewe. Sema bei ndogo, ya wazi, inayolipwa nusu siku mnayokaa na nusu siku unayokabidhi. Wanakikundi kumi wakichanga 8,000 kila mmoja ni 80,000. Hiyo inachangika kwa wiki moja, na mchango wenyewe unakuonyesha kama kikundi kipo au ni majina tu.

## Makato

Shirika au kampuni inayolipia huduma ya kitaalamu hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Ukitaka zikufikie 400,000, gawa kwa 0.95: ni 421,000. Ukitaja 420,000 unapokea 399,000. Dai cheti cha zuio kila unapokatwa, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Asiye na cheti amekatwa bila kumbukumbu.

Mteja wa mtaani atakutumia kwa simu. Hapo sema neno ambalo kila mtu nchi hii analijua: weka na ya kutolea, yaani aongeze ada ya kuitoa pesa kwa wakala. Hakuna anayelishangaa akituma nauli kijijini. Usilionee haya kwenye kazi.

Wa nje ni hadithi yake. Fiverr, soko la kazi la mtandaoni, inachukua asilimia 20, kwa hiyo kazi ya dola 50 inakupa 40, kisha kuna ada ya kuzitoa na kuzibadili. Anza na kiasi unachotaka kiguse mkono, urudi nyuma. Na mteja wa ndani usimtajie dola. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za 2025, zilizotoka Machi mwaka huo, zinakataza kutaja au kupokea bei ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hata kama mfadhili wake yuko Uholanzi.

## Mhasibu

Mashirika mengi hayakatai kulipa. Yanachelewa, na sababu mara nyingi iko kwenye karatasi. Jina la TIN (namba ya mlipakodi) halifanani na la akaunti. Ankara haina namba. Ankara imeletwa baada ya mradi kufungwa, na salio limesharudi kwa mfadhili. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa hiyo uliza mapema: mradi unafungwa lini?

Peleka ankara siku ileile ya rasimu. Siku ya 8 ikipita kimya, usimsumbue dada aliyekupa kazi. Yeye hana ufunguo wa sanduku. Mpigie mhasibu, muulize kama ankara imekamilika, na maneno hayo yatumie: "imekamilika". Kumuuliza lini analipa kunamfanya ajitetee. Kumuuliza kama kuna karatasi inayopungua kunamfanya afungue faili.

Kwenye makubaliano ya mwanzo weka pia kwamba haki za matumizi ya hadithi na picha zinahamia kwao malipo yakikamilika. Wakizichapa kwenye ripoti kabla ya nusu ya pili, una la kushika.

Ikifika miezi na mdaiwa ni mtu au kikundi kidogo, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza deni kama hilo na huhitaji wakili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo ule wa bei, pamoja na "sawa" waliyokujibu, usiufute unaposafisha simu. Hamishia nakala kwenye barua pepe siku hiyohiyo, maana simu nazo huibwa Buzuruga stendi.